USHAURI: Tuuze kiwanja ili baba akapigwe picha ya PET Nairobi?

Mshauri,

Naishi Kamembe, hapa Rusizi, Rwanda, ila kwetu ni Bugarama. Baba ana miaka 71. Tangu mwaka jana alikuwa akiamka usiku mara tano, mara sita, kwenda haja ndogo, nasi tukasema ni uzee. Mwezi uliopita mgongo ulimkaza, kisha mkojo ukafunga kabisa. Hospitalini wakamwekea mpira. Kipimo cha damu cha PSA kimesoma 340. Kinyama kilichotolewa kwenye tezi dume kimerudi na jibu la kansa, Gleason 9. Eksirei inaonyesha madoa kwenye mifupa ya mgongo na ya nyonga. Daktari anataka baba aanze sindano za homoni, au afanyiwe operesheni ndogo ya kuondoa kokwa. Baba hataki hata kusikia habari ya kokwa.

Baba mdogo yuko Ohio, Marekani. Ana miaka 66 na yeye alitolewa tezi dume kwa kansa hiyohiyo miaka miwili iliyopita. Anasema kuna picha mpya, PSMA PET, inayoonyesha kansa popote ilipojificha, na kwamba baba asianze sindano kabla ya kupigwa picha hiyo kwa sababu sindano zitaivuruga. Anataka tuuze kiwanja chetu cha Kamembe tumpeleke baba Nairobi.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hajapigwa picha hiyo. PSA yake imepanda tena kutoka 0.1 hadi 0.4, naye anaambiwa asubiri. Mzungu anayefanya naye kazi ghalani, mwenye ugonjwa huohuo, alipigwa bila hata kuomba. Baba mdogo anasema ni rangi tu. Je, ni kweli sisi weusi tunanyimwa? Na kiwanja tuuze?

Mtoto wa Bugarama

*

Mwanangu,

Pole sana kwa kuuguza. Nianze na kiwanja, maana pengine dalali ameshaanza kupiga simu: msiuze. La pili, baba aanze tiba wiki hii bila kungoja picha ya Nairobi. La tatu, baba mdogo ndiye anayeihitaji picha hiyo, na aidai. Ndugu wawili wana ugonjwa mmoja, nami nawapa majibu yanayopishana. Sababu zangu ni hizi.

Seli za kansa ya tezi dume huwa na protini nyingi iitwayo PSMA juu ya ganda lake. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa inayoitafuta protini hiyo, dawa iliyobebeshwa mionzi kidogo. Baada ya kama saa moja hulazwa kwenye mashine, na kila mahali dawa iliponata hung'aa kwenye picha. Huko Australia madaktari waliwagawa wanaume 302 katika makundi mawili. Wengine walianza na picha hii, wengine wakaanza na CT pamoja na skani ya mifupa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet: PSMA PET ilisema kweli kwa asilimia 92, vipimo vya zamani kwa asilimia 65. Desemba ya mwaka huohuo serikali ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya picha hii, ikianza na vyuo vikuu viwili vya California. Kwa hiyo baba mdogo hakudanganywa. Picha ni nzuri.

Lakini kabla ya kulipia kipimo chochote, muulize daktari swali moja: jibu likitoka, tiba itabadilika? Wale wanaume wa Australia walikuwa wakijiandaa kwa upasuaji au mionzi ya kuwaponya. Daktari alitaka kujua kama kansa bado imo ndani ya tezi au imekwishatoka, kwa sababu ikiwa imetoka, kisu peke yake hakitoshi. Kwao picha ilibadilisha uamuzi.

Kwa baba yako swali hilo limekwishajibiwa na eksirei ya hospitali yenu. PSA ya 340, Gleason 9 (alama ya ukali wa kansa) na madoa kwenye mgongo na nyonga vinasema jambo moja: kansa imefika kwenye mifupa. Mkienda Nairobi mtarudi na picha ya rangi inayoonyesha, tuseme, madoa kumi na mawili pale eksirei ilipoonyesha manne, na daktari atakuandikia tiba ileile aliyoiandika Rusizi. Kiwanja kitakuwa kimekwenda.

Ni kweli, kama anavyosema baba mdogo, kwamba tiba ya homoni ikikaa mwilini muda mrefu hufifisha baadhi ya madoa kwenye picha. Hufifia kwa sababu kansa yenyewe inanywea, na kunywea huko ndiko tunakokutafuta. Mtu mwenye kansa kwenye uti wa mgongo hacheleweshwi tiba ili picha itoke vizuri.

Hapo kwenye mgongo ndipo penye haraka yangu. Mfupa ulioliwa na kansa unaweza kubonyea na kubana neva za mgongo. Basi kaeni macho: miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, akishindwa kupanda ngazi alizozizoea, ganzi ikimshika sehemu za makalio, au akishindwa kuzuia choo, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Baada ya siku moja au mbili miguu iliyokufa huenda isirudi tena. Mwambie mama dalili hizi, kwa kuwa yeye ndiye anayelala chumba kimoja naye.

Sasa habari ya kokwa, maana naona ndiyo inayomnyima mzee usingizi. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba kansa ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba homoni hiyo ikiondolewa kansa hunyong'onyea. Mwaka 1966 alipewa Tuzo ya Nobel. Hadi leo huo ndio msingi wa tiba ya kansa hii ikishasambaa, kwa tajiri wa Ohio na kwa mkulima wa Bugarama. Njia ni mbili. Sindano hudungwa kila mwezi au kila miezi mitatu, kwa kawaida maisha yote, na ukiruka tarehe homoni hurudi. Operesheni hufanywa mara moja, ni fupi, na homoni hushuka ndani ya siku moja hivi. Zote mbili hukata hamu ya tendo la ndoa, huleta joto la ghafla mwilini na hudhoofisha mifupa, kwa hiyo asidhani sindano itamwachia ujana wake.

Mkichagua sindano, muulizeni daktari neno moja muhimu. Sindano zinazotumika zaidi huipandisha homoni kwa wiki ya kwanza au mbili kabla ya kuishusha, na kwa mtu mwenye kansa mgongoni mpando huo ni hatari. Kwa hiyo daktari hutanguliza vidonge vya kuizuia. Ulizeni: "Vidonge vya kutangulia vipi?" Mkichagua operesheni, suala hilo halipo.

Na namna ya kumwambia mzee ni muhimu kama lenyewe linaloambiwa. Usimwambie kwa simu, wala usimtume kijana. Mkalishe pamoja na mama mbele ya daktari, daktari aseme kwa lugha ya nyumbani, nanyi watoto mkae nje. Mzee aliyefuga ng'ombe maisha yake yote ana picha moja tu kichwani akisikia habari hii. Anahitaji kusikia kutoka kinywani mwa mtaalamu kwamba ataendelea kuwa baba wa watu na mume wa mtu, na kwamba maumivu ya mgongo mara nyingi hupungua ndani ya siku chache. Mara nyingi mama ndiye anayelimaliza shauri hilo. Kisha uamuzi ni wa mzee.

Upande wa fedha, fuateni mlolongo wa mituweli, bima yetu ya afya ya jamii, bila kuruka hatua: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, iwe Mibilizi au Gihundwe, kisha transferi ya kwenda Huye au Kigali. Hospitalini mgonjwa wa mituweli hulipia asilimia 10, mfuko hulipa iliyobaki. Ukimpeleka mzee Nairobi kwa hiari yako, mituweli haiko nawe, wala daktari wa kule hatakuwapo dawa zitakapoisha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Na mbachao wetu si mbovu tena. Zamani mgonjwa wa Rwanda aliyehitaji mionzi alivuka mpaka. Wengine walikwenda Kampala, na mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, ikaharibika. Tangu 2019 mionzi inatolewa Kanombe, Kigali, kwenye hospitali ya jeshi. Butaro, kule Burera, kuna kituo cha kansa tangu 2012. Mkifika Kigali ulizeni mambo mawili: kama kuna vidonge vya kuongezea juu ya tiba ya homoni, na kama mgongo wa baba unafaa kupigwa mionzi ya kutuliza maumivu. Kwa maumivu ya mfupa, mara nyingi mionzi ya siku moja tu hutuliza sawa na ya siku nyingi, kwa hiyo hamtahitaji kupanga chumba Kigali mwezi mzima. Maumivu yakizidi, msiogope morfini. Rwanda hutengeneza morfini yake ya maji, na mzee anayelala usiku kucha hula vizuri asubuhi.

Sasa nije kwenye swali la rangi, maana hukuuliza bure.

Marekani baba mdogo ana haki ya kushuku. Mwanaume mmoja kati ya wanane wa nchi hiyo hupata kansa ya tezi dume. Kwa weusi ni mmoja kati ya sita, na weusi hufa nayo mara mbili ya weupe. Ungetegemea basi kwamba watu wenye hatari kubwa ndio wangetangulizwa kwenye mashine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia wanaume ambao PSA yao ilikuwa imepanda, kuona nani alipelekwa kupigwa MRI ya tezi dume. Weusi walipelekwa kwa uchache kuliko weupe, na wote hao walikuwa na bima. Kwa hiyo usimkubalie mtu anayesema tatizo ni umaskini peke yake. Mashine mpya huanzia kwenye hospitali kubwa za vyuo vikuu, na daktari wa mtaani ndiye anayeamua nani aandikiwe barua ya kwenda huko. Mgonjwa mwenye kujua jina la kipimo huomba, asiyejua hungoja. Anayezungumza Kiingereza cha kubabaisha hupewa maelezo ya dakika tano. Hakuna aliyetangaza kwamba weusi wasipigwe picha, lakini kila kona inapunguza wachache, na mwisho wa safari hesabu inaonekana.

Pia wapo wanaosema damu yetu ndiyo yenye laana, kwamba kansa ya mtu mweusi haisikii dawa. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walikusanya kumbukumbu za wanaume karibu laki tatu. Pale weusi walipopata matibabu sawa na weupe, kama kwenye hospitali za maveterani wa jeshi, vifo vya kansa hii havikupishana kwa maana. Hatari ya kuupata ugonjwa ni kubwa kwetu, ndiyo, lakini tiba hutusikia tukiipata.

Kwa hiyo mpigie baba mdogo simu umsomee haya. PSA ya mtu aliyetolewa tezi dume inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikipita 0.2 na kipimo cha pili kikathibitisha, madaktari huhesabu kwamba ugonjwa umerudi, na hapo ndipo PSMA PET ilipoidhinishwa itumike. Yeye yuko 0.4. Mionzi ya kumponya hufanya kazi vizuri zaidi ikianza PSA ikiwa bado chini ya 0.5, kwa hiyo "subiri" ya daktari wake ina kikomo, na kikomo kiko karibu. Aende na maswali matatu aliyoyaandika kwenye karatasi. Je, ugonjwa wangu umerudi? Je, nastahili PSMA PET sasa? Kama sistahili, tafadhali andika sababu kwenye faili langu. Swali la tatu ndilo lenye meno, kwa sababu daktari anayetakiwa kuandika sababu huitafakari kwanza. Bima ikikataa, akate rufaa. Akiwa na miaka 66 huenda pia ana Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, aulize. Na aombe mkalimani wa Kiswahili au Kinyarwanda, ambaye hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani hulazimika kumtoa bure. Asimtumie mjukuu. Halafu ajue kwamba PSA ikiwa ndogo hivyo, picha inaweza kutoka safi na kansa bado ipo. Picha safi isiwe sababu ya kuahirisha mionzi. Huo ndio ushauri aliopaswa kujipa mwenyewe kabla ya kuutuma Bugarama.

Na hapa kwetu je? Daktari wa baba yako ni mweusi kama yeye. Kinachotutenga na ile picha ni mahali tulipo na mfuko wetu. Dawa yake haiwekwi ghalani. Ile ya galiamu 68 hupoteza nusu ya nguvu kila dakika 68, ile ya florini 18 kila dakika 110. Hata kama ingetengenezwa Kigali na kupandishwa basi la Kamembe, baada ya saa sita za barabara kupitia Nyungwe ya kwanza isingebaki na hata sehemu moja ya thelathini, ya pili ingebaki na sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mashine hukaa karibu na mtambo wa dawa, na mtambo hujengwa penye fedha. Nairobi mashine hizo zipo kwenye hospitali ya Aga Khan University na ile ya rufaa ya Kenyatta University. Afrika Kusini, Profesa Mike Sathekge wa Pretoria na wenzake wamefanya kazi kubwa na PSMA kwa wagonjwa weusi na weupe, na dunia nzima hujifunza kwao. Kwa hiyo Mwafrika anaweza. Nasi wa ukanda huu tuna haki ya kuzidai mashine hizo ziwe karibu na zilipiwe na mifuko yetu, kwa ajili ya wale ambao picha itabadilisha tiba yao.

Lakini baba yako hakudhulumiwa kwa kukosa PET. Alidhulumiwa mwaka mzima wa kuamka usiku mara sita huku nyumba nzima ikisema ni uzee. Siwalaumu, ndivyo tulivyolelewa. Kipimo cha PSA ni mrija mmoja wa damu, na kingefanywa wakati ule pengine leo tungezungumza habari ya kuponya. Kukojoa kwa shida kwa wazee wengi si kansa, lakini hakuna anayejua mpaka apimwe. Na kansa changa mara nyingi haina dalili hata moja.

Kwa hiyo wewe na kaka zako, watoto wa mwenye kansa, zungumzeni na daktari kuhusu PSA mkifika miaka 45. Kwa kuwa ndugu wawili wa damu moja wanaugua, mkienda mkiwa na 40 hakuna atakayewacheka. Mwelezeni habari za baba na za baba mdogo pia. Wasomaji wangu wa ng'ambo ya mto Ruzizi, wa Bukavu na Uvira, ushauri ni huohuo ingawa mituweli hamna: fedha ya kwanza iende kwenye PSA na kinyama, ya pili kwenye tiba ya homoni, picha za mbali zije mwisho.

Mwisho, kiwanja. Kama hati ina majina ya baba na mama, hakiuzwi bila mama kukubali na kutia sahihi, na mama asisukumwe kutia sahihi ilhali mumewe ana mpira wa mkojo. Safari hii inahitaji fedha ndogondogo za muda mrefu: nauli ya watu wawili kwenda Kigali na kurudi, chakula cha msindikizaji, asilimia 10 ya hospitali, pampasi, maziwa. Kama baba mdogo alikuwa tayari kuona ndugu yake anauza ardhi, mwombe atume kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili hiyo. Wekeni daftari moja la gharama, mtu mmoja alishike, na majibu yote ya vipimo yakae kwenye bahasha moja pamoja na CD za picha, ili Kigali wasianze upya.

Kesho asubuhi mpeleke mzee hospitalini pamoja na mama, daktari azungumze nao, tiba ianze. Jioni mpigie baba mdogo umwambie picha anayoitafuta ni yake. Kiwanja kibaki.